Soli ya Mtani Wangu

Kila asubuhi mnapita mbele ya nyumba yangu hapa Lulindi, nyinyi vijana wa kikundi cha mbio, na kila asubuhi mnanikuta barazani na chai yangu ya rangi. Shikamoo zenu zinanifikia mkiwa mmeshanipita, na marahaba yangu inawakuta mgongoni. Nawaonea wivu. Naanza na hilo ili tusifichane kitu. Nawaonea wivu viatu vyenu vyepesi, simu mlizojifunga mikononi zinazowahesabia hatua, na zaidi ya yote magoti yenu.

Katibu wenu alikuja akaniomba niandike machache kuhusu miguu, maana wengi wenu mmeanza kuchechemea na mbio zenyewe hazijafika mwaka. Nilikuwa mwalimu wa michezo karibu maisha yangu yote ya kazi, kwanza Newala, kisha Masasi, na watu wananisifu kwamba najua miguu. Sifa hiyo si yangu yote. Sehemu kubwa niliiokota kwa mtu niliyemwonea wivu, na wivu huo ulimponza mtoto wa watu. Kwa hiyo mtanivumilia, nitaandika ya miguu na ya wivu kwa pamoja. Kwangu mimi yameshikana.

Tuanze na masikio. Mkipita siwaangalii, nawasikiliza. Yule mwenzenu mrefu mwenye fulana ya njano, mguu wake wa kushoto unapiga kishindo kuliko wa kulia. Anautupa mbele, anatua na kisigino huku goti limenyooka, na kila hatua anajifungia breki mwenyewe. Akiendelea hivyo atakuja kulalamika goti au nyonga, atanunua dawa ya kuchua, na dawa haitasaidia kitu. Mguu unatakiwa utue chini ya kiwiliwili chako, goti limelegea kidogo, na usikike kwa shida. Hatua ziwe fupi na nyingi. Ukitaka kwenda kasi, usirefushe hatua mbele, sukuma ardhi nyuma.

Mimi nilifundisha kinyume cha hayo kwa miaka. Chuoni tuliambiwa mkimbiaji hodari ana hatua ndefu, basi nikapangiwa Newala na filimbi yangu shingoni nikawa nawapigia kelele watoto: tupa mguu, tupa mguu mbele. Nilichora hata mistari ya chokaa uwanjani ili waifikie. Wakaanza kuumwa ugoko mmoja baada ya mwingine. Nikasema ni uvivu, nikaongeza mizunguko.

Kosa jingine la Newala nalikumbuka kwa sababu nilichekwa mpaka sokoni. Kijana mmoja aitwaye Hamisi alikuwa anaumwa kisigino. Kule juu, mtu akipasuka kisigino hupaka mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi makali, tone moja kwenye ufa. Mimi nikafikiri kama yanatibu nje, yatapenya na ndani. Nikampaka Hamisi unyayo mzima. Kesho yake ngozi ilibabuka yote. Mama yake alikuja shuleni, akanisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani na za watoto, akauliza kama mvua ya kwetu Lulindi imeanza. Alipomaliza yote hayo akaniuliza kama serikali inanilipa kwa kuchoma watoto au nafanya kwa kujitolea.

Basi nyinyi msipake chochote. Kisigino kinachouma hatua ya kwanza asubuhi ukishuka kitandani, kisha kinalainika ukishatembea, hicho kinaumwa ule utepe mgumu unaoshikilia upinde wa unyayo kutoka kisigino hadi vidoleni. Umevutwa kupita kiasi. Chukua chupa ya soda, keti, iviringishe chini ya unyayo taratibu. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole, shusha visigino polepole mpaka mashavu ya miguu yavutike. Punguza mbio kwa wiki kadhaa. Hayo yote sikuyapata chuoni, niliyapata kwa fundi viatu.

Huyo fundi ndiye Gama. Alikuja Masasi kutoka Songea miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, nilipokuwa nimeshahamishiwa sekondari moja ya bweni pale mjini. Nyinyi hamkuikuta hali ya kabla yake. Mwaka mmoja ulikuwa huwezi kuona raba ya maana isipokuwa mguuni kwa mtoto wa mkubwa, na mwaka uliofuata wafanyabiashara binafsi wakawa wananunua korosho mpaka vijijini, na marobota ya mitumba yakawa yanafunguliwa sokoni kila mnada. Ndani yake mlikuwa na raba za kukimbilia, za rangi ambazo hatukuwa tumewahi kuziona kwenye kiatu. Tuliziita raba mtoni, kwa sababu zilitoka ng'ambo. Watoto waliokuwa wakikimbia pekupeku wakaanza kuzililia, na mimi mwalimu wao nikazililia kuliko wao. Nilitaka shule yangu ipendeze.

Gama alijenga kibanda cha mabati upande wa wauza mitumba. Mbele ya kibanda alimwaga mchanga, akausawazisha kwa ubao, na kila aliyeleta kiatu aliambiwa kwanza avue, apite juu ya mchanga hadi kwenye nguzo na kurudi. Kisha Gama alichuchumaa na kusoma zile nyayo, halafu akachukua boksi la katoni akachora mguu wa mtu kwa penseli, akakata, akaandika jina. Ukutani mwa kibanda zilining'inia katoni za miguu ya mji mzima. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba.

Siku ya kwanza nilimpelekea raba moja ya kijani, nzuri kabisa, nikamwambia ashone tu pembeni. Aliigeuza, akaiweka juu ya meza ikaegemea upande mmoja kama mlevi. Akaniambia kiatu hiki bado kina mtu ndani. Aliyekivaa huko Ulaya alikuwa mzito, anakanyagia upande wa ndani, na soli imeshamzoea. Mtoto wangu akikivaa, kiatu kitamfundisha kutembea kama yule Mzungu. Akachukua kisu na tupa, akasawazisha soli mpaka ikakaa wima. Nilimshukuru, na papo hapo nikaanza kumchukia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshawavalisha watoto sita viatu vya namna ile na sikuwa nimeona.

Sasa lazima mjue kwamba Gama alikuwa mtani wangu. Mimi Mmakua, yeye Mngoni. Babu zake waliwahi kuwavamia babu zetu huku kwetu kwa mikuki, na uadui ule wa kale ukageuka utani. Nyinyi wa siku hizi mnatania kwenye simu, hamjui utani wenyewe. Mtani alikuwa anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako nawe ukatakiwa ucheke. Anaweza kuchukua kofia yako akaondoka nayo. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kuvaa nguo zako na kukuigiza mbele ya waliofiwa, ili watu walie na kucheka kwa mpigo mmoja. Asiyetaniwa na mtani wake ni mtu aliyetengwa.

Mimi na Gama tulitaniana soko zima likasimama. Alikuwa akisema Wamakua tuna miguu mipana kwa sababu ya kukimbia mikuki ya babu yake. Nami nikasema babu zenu walikuja kuchukua watu wetu kwa mikuki, wewe umekuja kuwachukua kwa gundi. Watu walicheka sana. Hakuna aliyejua kwamba maneno yangu yalikuwa ya kweli. Wanafunzi wangu walikuwa wanakwenda kwake kila Jumamosi ya ruhusa, wanakaa kwenye benchi lake, wanamweleza walipoumia, na Jumatatu wananiambia mimi hawajambo.

Kati yao alikuwapo Somoe. Alitoka kijiji cha ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu, upande wa Newala unaotazama bonde la Ruvuma. Kule maji yako chini bondeni, na tangu akiwa na miaka saba Somoe alikuwa anashuka na mama yake alfajiri na kupanda mteremko ule na ndoo kichwani, juu ya mchanga mwekundu unaozamisha mguu. Alipoanza kidato cha kwanza nilimwona uwanjani mara moja nikaita walimu wenzangu waje watazame. Alikimbia kichwa kimetulia, mabega yametulia, miguu inagusa chini na kuondoka. Hakuwa na kishindo kabisa.

Nilimpenda mtoto yule kama mkulima anavyoupenda mkorosho wake unaozaa. Nilimwombea chakula cha ziada jikoni. Mama yake alipokuja kunisalimia aliniletea mabibo makavu kwenye kikapu, akaniita Baba Monika kwa jina la binti yangu, akasema mtoto huyu ni wako. Nililishika neno lile kuliko alivyokusudia.

Siku nilipompeleka Somoe kwa Gama kupima raba, yule Mngoni alitazama mchanga kwa muda akacheka. "Huyu amefundishwa na ndoo," alisema. Akanieleza kwamba mtu mwenye maji kichwani hawezi kutupa mguu mbele, maji yatamwagika. Lazima apige hatua fupi, atue chini ya mwili wake, asiruke juu wala kuyumba. Akaniomba nisimbadilishe. Nilitabasamu. Moyoni niliwaka. Hata kocha wa Somoe, basi, hakuwa mimi, alikuwa ndoo ya bati.

Nilimbadilisha. Nilimvalisha raba mtoni yenye kisigino kinene na nikamwambia arefushe hatua, kwa sababu nilitaka siku akishinda, watu waone mkono wangu. Nikamtoa uwanjani nikampeleka kwenye barabara ya kuelekea Nanganga, changarawe iliyoshindiliwa, mtoto ambaye miguu yake ilikulia mchangani. Na kwa kuwa majaribio ya mkoa pale Mtwara yalikuwa yamekaribia, nikaongeza umbali maradufu kwa wiki mbili.

Mnaona makosa hapo. Kila moja peke yake mguu ungelizoea, kwa miezi. Mfupa unajijenga, lakini polepole kuliko pumzi na kuliko misuli. Ndiyo maana mnajisikia wepesi, mnaongeza, mnaongeza, na mfupa uko nyuma haujapata habari. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kiatu, usibadilishe njia. Ukibadilisha njia, usiongeze umbali. Na kila baada ya wiki chache za kuongeza, wekeni wiki moja ya kupunguza, hata kama mnajisikia simba.

Majaribio yale hayakuwa jambo dogo. Ilijulikana kwamba watu wa timu moja ya Dar es Salaam wangekuwepo kuchagua wasichana wawili. Atakayechaguliwa angepewa kazi, mahali pa kulala, na shule ya jioni. Kwa Somoe hiyo ilikuwa na maana kwamba mama yake angeacha kushuka bondeni, maana mtoto alikwisha kusema kwamba mshahara wa kwanza ungechimba kisima cha kukinga mvua na kukijengea saruji. Aliwaambia wenzake. Na alimwambia Gama.

Lakini Gama aligundua jambo jingine. Jumamosi moja alimwona anapita mchangani na mguu wa kulia haukanyagi sawa upande wa vidole. Akamkalisha, akabonyeza juu ya unyayo kwa kidole kimoja, mfupa baada ya mfupa, na alipofika mfupa wa pili Somoe aliruka. Hiyo ni alama, na ningependa muichukue kabla ya mengine yote niliyoandika hapa. Maumivu ya misuli ni mapana, unayaonyesha kwa kiganja. Maumivu ya mfupa unayaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yanazidi kadiri unavyokimbia, na ukipumzika yanakuuma bado. Hayo hayataki chupa ya soda wala mazoezi ya ngazi. Yanataka uache kukimbia siku hiyohiyo na uende hospitali ukapigwe picha.

Mimi Somoe aliniambia haumwi. Aliogopa nisije nikamwacha nyuma. Gama alimsihi aniambie, naye akakataa, basi Gama akamwahidi soli ya ndani, ya kupunguza uzito pale panapouma, na akamwahidi kwamba yeye mwenyewe atanieleza.

Akaja shuleni siku mbili kabla ya safari, saa ya chai, walimu wote tuko ofisini. Alikuwa amevua aproni yake ya ngozi na kuvaa shati la kwendea msikitini. Hapo tu ningejua. Alisimama mlangoni na kitu kimefungwa kwenye gazeti.

"Mtani, leo sina utani," alisema. "Mfupa wa yule mtoto umechoka. Ukiweza, mpumzishe. Usipoweza, muwekee hii kwenye kiatu cha kulia."

Walimu wote walisikia kwamba fundi viatu anamfundisha mwalimu wa michezo kazi yake. Uso uliniwaka moto. Na nilikuwa na njia ya kutokea, mtani wangu mwenyewe alikuwa amenipa, kwa kuwa ni mtani. Nikacheka kwa nguvu. Nikasema tazameni, Mngoni akianza kuonea huruma mguu wa mtu, ujue ameshautafutia chungu cha kuupikia. Ofisi ikalipuka kwa kicheko. Gama naye, kwa desturi, ilimbidi acheke. Alicheka kidogo, akaweka lile gazeti mezani kwangu, akaniangalia, akaondoka.

Soli ile ilikuwa imekatwa kwenye mpira wa ndala mbili zilizogandishwa pamoja, juu imefunikwa ngozi laini ya mbuzi. Chini ya mfupa wa pili ilikuwa na tundu la ukubwa wa korosho, pembeni ya tundu imechongwa kwa mteremko ili isikate. Sijawahi kuona kazi safi kama ile. Niliigeuza mikononi, nikawaza uso wa Somoe atakapoivaa, atakaposhinda, atakaporudi Masasi akikimbilia kibanda cha mabati kwanza. Nikaifunga tena kwenye gazeti nikaiweka kwenye droo yangu. Nilijiambia nitampa baadaye. Nilijua kwamba simpi.

Mtwara aliongoza mita elfu tatu mpaka mzunguko wa mwisho. Mfupa ulipovunjika sikuusikia, nilisikia hatua. Mtoto ambaye hakuwa na kishindo akaanza kuwa nacho, mguu mmoja tu, paa, kimya, paa, kimya. Wakampita wawili, wakampita wanne. Alimaliza kwa kurukaruka na mguu wa kushoto, akaketi chini akavua kile kiatu kwa mikono miwili. Watu wa Dar es Salaam walikuwa wameshainama wanaandika majina mengine.

Tulimrudisha Masasi, akalazwa hospitali ya Mkomaindo, akafungwa hogo la plasta kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Daktari alionyesha ule ufa kwenye picha, akasema ulianza kitambo, uwanjani ulimalizika tu. Mama yake alikuja kutoka Newala akanishukuru kwa kumwangalia mtoto. Mpaka leo nikikumbuka shukrani ile naona aibu.

Gama alikuja siku ya tatu. Alimpa pole mama, akampa pole Somoe, kisha akachukua kile kiatu cha kulia chini ya kitanda. Akaingiza mkono ndani taratibu mpaka mbele kabisa, akapapasa. Nilikuwa nimesimama dirishani. Somoe alimtazama, macho yamejaa machozi.

"Fundi, uliniahidi soli."

Gama alitoa mkono ndani ya kiatu. Aliniangalia mimi, si kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mtoto.

"Nilisahau, mwanangu," alisema. "Nisamehe."

Akaweka kiatu chini, akaaga. Nilimfuata hadi nje ya lango, nikamwita mtani. Alisimama. Nilitaka aniite mwizi, mchawi, lolote, mbele ya watu wote waliokuwa wakiuza karanga pale. Alinipa mkono akasema, "Kwaheri, Mwalimu." Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Na hakunitania tena. Miaka yote iliyobaki, nikipita kibandani alisimama, akanisalimia kwa adabu, akauliza habari za Monika. Nikimtuma mwanafunzi kuuliza jambo la miguu, alimjibu kwa ukamilifu, na mengi niliyoandika hapa nimeyapata kwa njia hiyo, kupitia midomo ya watoto. Watu waliuliza utani wenu umeishia wapi, nikasema tumezeeka. Somoe alipona, akamaliza shule, akawa mwalimu wa msingi kwao Newala, lakini hakukimbia tena, na baridi ya kule juu ikianza mguu unamsumbua. Kila nilipokutana naye aliniita mwalimu wangu. Jina la Gama hakulitaja kamwe. Alikuwa amemhesabia ahadi iliyovunjwa, na mtu mzima hasahau alichoahidiwa utotoni.

Nami nikaukubali upendo ule kwa miaka, huku najua si wangu. Nilimwonea Gama wivu kwa mikono yake, kwa macho yake, kwa watoto walivyompenda. Lakini wivu ulionitafuna kuliko wote ni wa yale maneno mawili aliyosema pale wodini. Mimi nisingeweza kuyasema.

Alipofariki nilikwenda msibani. Wazee waliniona wakafurahi, wakasema mtani amefika, sasa tutamwona Gama. Wakaniletea aproni yake ya ngozi. Niliishika. Nilitakiwa niivae, nichuchumae, nimwage mchanga, niwapime waombolezaji miguu na kuwatukana kwa sauti yake. Sikuweza. Ningemwigizaje mtu aliyeninyima utani wake akiwa hai? Nikaikunja nikampa mjane. Watu wakasema masikini, mtani ameumia sana. Somoe hakuja mazikoni. Alituma salamu kwamba ana mitihani ya wanafunzi.

Katibu wenu aliponiomba niandike, nilikaa siku tatu na kalamu. Nikaona siwezi kuwafundisha kubonyeza mfupa kwa kidole kimoja bila kusema nilifundishwa na nani, na siwezi kumtaja bila kusema yaliyo kwenye droo. Droo yenyewe nilihama nayo kutoka shule hadi hapa Lulindi. Basi wiki iliyopita nilipanda gari nikaenda Newala.

Nilimkuta Somoe uani anaanika mchele. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, akanikimbilia kunipokea mfuko, akachechemea kidogo. Nilimwambia asinipokee. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kama nilivyowaeleza nyinyi, ofisi, kicheko, gazeti, droo. Nikamkabidhi. Sijui kama soli ile ingemwokoa. Daktari alisema dawa ilikuwa kupumzika, na kumpumzisha pia nilikataa. Nilimwambia na hilo.

Aliifungua, ngozi ya mbuzi imekauka lakini gundi imeshika. Akaiweka chini, akavua ndala, akakanyaga juu yake kwa mguu wa kulia. Pale mfupa wake ulipoungia pana kinundu, na kinundu kile kilizama kwenye lile tundu sawasawa. Akasimama hivyo muda mrefu, uzito wote kwenye mguu ule mmoja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali moja, kwa nini. Nilikuwa na majibu yake, ya miaka. Hakuniuliza.

"Fundi amezikwa wapi?" alisema.

Nikamwelekeza, Masasi, makaburi ya upande wa soko, karibu na mkorosho mmoja mkubwa. Akaifunga soli kwenye pindo la kanga yake akaingia ndani kuvaa viatu vya safari, na mimi niliyebaki pale uani na mfuko wangu mtupu, nikamwonea wivu marehemu.